Je, Kozi ya Udereva wa Pikipiki Inastahili Ada Yake? Mwongozo kwa Waendeshaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kijana wa Mbalizi, Mafinga au Makambako anayetaka kuanza kazi ya bodaboda huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumwomba kaka au rafiki mwenye pikipiki amfundishe jioni mbili tatu kwenye uwanja wa mpira, kisha aingie kijiweni na kujifunza mengine akiwa tayari na abiria mgongoni. Ya pili ni kulipa ada kwenye chuo cha udereva, kukaa darasani, kuendesha mbele ya macho ya mkufunzi na kuondoka na cheti. Wengi huchagua ya kwanza kwa sababu ni ya bure, na wanaochagua ya pili mara nyingi hufuata leseni tu. Mwongozo huu unaeleza ni wakati gani kozi inastahili fedha zako, namna ya kuichunguza kabla ya kulipa, na mambo ya kufanya baada yake ili ulicholipia kisipotee.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kozi inastahili, lakini si kila kozi, na inayostahili huku kwetu ni ile inayotumia muda mwingi kufundisha kusimama kuliko kufundisha kwenda. Kuifanya pikipiki iende ni kazi ya nusu saa. Kuisimamisha kwenye mteremko, lami ikiwa imelowa, gunia la viazi limefungwa nyuma na lori la mizigo ya Zambia linakuja kwa nyuma, ni jambo ambalo rafiki yako wa uwanja wa mpira pengine hakufundishwa hata yeye.

Tenganisha leseni na ujuzi

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka kila anayeendesha chombo cha moto awe na leseni ya daraja linalolingana na chombo hicho. Kwa pikipiki, daraja A ni la zile zenye injini inayozidi cc 125, na daraja A1 ni la zile zilizo chini ya hapo. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu pikipiki nyingi zinazobeba abiria mjini Mbeya na Iringa ni za cc 150, huku nyingine zikiwa za cc 100 au 125. Kabla hujalipa chochote, soma kadi ya pikipiki utakayoiendesha, kisha hakikisha kwamba chuo kinakuandalia daraja linalofanana nayo. Mwendeshaji mwenye leseni isiyolingana na chombo chake ana matatizo mbele ya trafiki, na ana matatizo makubwa zaidi siku atakapodai fidia ya bima.

Mkondo wa kawaida ni kupata leseni ya kujifunzia, kupata mafunzo, kufanyiwa jaribio na askari wa usalama barabarani, kisha kulipia leseni yenyewe TRA. Hatua hizi ni za lazima na sina la kuongeza juu yake, isipokuwa hili: jaribio linapima kama umefika kwenye kiwango cha chini kinachokubalika. Halipimi kama utaweza kuteremka mlima wa Kitonga usiku wa mvua. Chuo kinachojisifu kwamba wanafunzi wake wote hufaulu kinakueleza habari za jaribio, na bado hujaambiwa lolote kuhusu mafunzo.

Utafiti umeonyesha nini

Katika mjadala huu pande zote mbili hupenda kutaja wataalamu, kwa hiyo ni vizuri kujua walichokuta hasa. Utafiti unaotajwa zaidi ni ule uliosimamiwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1981. Watafiti walichunguza zaidi ya ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wakifika kwenye tukio lenyewe, na wakakuta kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Waliona pia kosa lililojirudia: mtu anapokutwa na hatari ghafla hukanyaga breki ya nyuma hadi tairi linaburuza, na ile ya mbele, yenye nguvu zaidi, huitumia kidogo mno.

Kwa upande wa pili, mwaka 2010 mtandao wa watafiti wa afya wa Cochrane ulikusanya tafiti 23 kuhusu mafunzo ya waendeshaji wa pikipiki na kufikia uamuzi kwamba ubora wa tafiti hizo haukutosha kuthibitisha kuwa mafunzo hupunguza ajali. Baadaye, katika jimbo la Victoria nchini Australia, waendeshaji wapya wapatao 2,400 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa mkufunzi wa kuongozana nao barabarani na wengine wakaachwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliwashangaza wengi: ajali hazikupungua kwa waliofundishwa, na waliofundishwa ndio waliosema wanajiamini zaidi na kwenda kasi zaidi.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kuhitimisha kwamba kozi ni kupoteza fedha. Naona wanakosea, na sababu yake ni rahisi. Wale wa Victoria waliokosa mkufunzi walikuwa tayari na leseni, tayari wamepitia majaribio ya huko. Huku kwetu anayekosa kozi mara nyingi amekosa kila kitu. Hata hivyo onyo lao linatuhusu sana, nalo ni kwamba kozi inaweza kumwongezea mtu ujasiri kuliko ilivyomwongezea uwezo. Kozi ya kuruka matuta, kulaza pikipiki kwenye kona na kuinua tairi la mbele inavutia vijana, na ndiyo ambayo singempeleka mdogo wangu hata kama ingekuwa ya bure.

Breki ya mbele kwanza

Ukitaka kujua kama kozi ni ya maana, uliza inafundisha vipi breki. Vijiweni kuna imani iliyoenea kwamba breki ya mbele inapindua, na imani hiyo imeingia hadi kwenye vyombo vyenyewe. Zunguka kwenye maegesho ya Mwanjelwa au Ipogolo, minya leva ya breki ya mbele ya pikipiki zilizopangwa pale, na hutakosa ile ambayo waya wake umelegea hadi leva inagusa mpini bila tairi kushikwa. Mwenye chombo hicho hajui kama amepungukiwa na kitu, kwa kuwa hajawahi kukitumia. Tazama na mkono wake wa kulia anapoendesha: vidole vyote vinne vimekunjwa kwenye mafuta, hakuna hata kimoja kilicho karibu na leva.

Ukweli ni kwamba pikipiki inaposimamishwa, uzito husogea mbele. Tairi la mbele hukandamizwa chini na kuishika barabara zaidi, na la nyuma huwa jepesi na kuanza kuburuza upesi. Kwenye barabara tambarare na kavu, sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama hutoka mbele. Sasa fikiria mteremko, ambako uzito umeshaegemea mbele hata kabla hujagusa breki. Anayetegemea breki ya mguu peke yake anategemea tairi lililo dhaifu mahali pale pale ambapo anahitaji nguvu zaidi. Kwa mtu wa Kyela au Usangu jambo hili lina uzito wake, lakini kwa anayeishi kati ya Uyole na Mlima Nyoka, au anayeteremka Iwambi kila siku kwenda Mbalizi, ndilo jambo la kwanza la kujifunza.

Mkufunzi mzuri atakuanzisha kwenye uwanja mkavu na ulionyooka, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, akuonyeshe alama ya kuanzia kusimama, pengine chupa mbili za maji zilizojazwa mchanga. Ukifika hapo unafunga mafuta, unakanyaga breki ya nyuma kwa wastani, na unaminya ya mbele kwa vidole viwili au vitatu, pole pole kwanza kisha kwa nguvu inayoongezeka, kama unavyokamua chungwa usilotaka lipasuke. Kosa linalomwangusha mtu ni kuidaka leva kwa pupa kabla uzito haujasogea mbele. Baada ya mara kadhaa utapanda hadi 30, kisha 40, na mkufunzi atapima kwa hatua umbali uliotumia. Tairi la mbele likijifunga unaachia leva mara moja na kuminya tena kwa ulaini. Zoezi hili lirudiwe akiwa mtu mwingine amekaa nyuma, maana abiria hubadilisha kila kitu: breki ya nyuma hupata nguvu zaidi, safari ya kusimama hurefuka, na kofia yake hukugonga kisogoni ukisimama kwa ghafla.

Hesabu ya umbali nayo iwe sehemu ya somo. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo katika maeneo ya makazi, pikipiki inakula mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka tu, kabla mkono haujafika kwenye leva, imekwisha kukupitisha urefu wa lori fupi. Kwa kilomita 80 ni mita 22 kwa sekunde, na umbali wa kusimama baada ya breki kushika haukui kwa kiwango kile kile cha mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali huo hukua mara nne. Mwanafunzi akiliona hili kwa chupa na hatua uwanjani halisahau, tofauti na akilisikia darasani tu.

Mteremko, kona na ukungu

Somo la pili ambalo kozi ya Nyanda za Juu haiwezi kulikwepa ni kuteremka. Desturi ya kutoa gia, na wengine kuzima injini kabisa ili kubana mafuta, ni maarufu kuanzia Ilula hadi Tukuyu, na inaeleweka kwa mtu anayehesabu kila shilingi ya petroli. Lakini pikipiki iliyotolewa gia haina kinachoizuia isipokuwa breki, na pikipiki nyingi za kazi zina breki za dramu, zile ambazo pedi zake zimefichwa ndani ya ringi. Breki hizo zikibanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, na zikipata moto hupungua nguvu: unakanyaga zaidi na unapata kidogo. Harufu ya kuungua unayoisikia ukifika chini ndiyo hiyo.

Njia sahihi ni kuchagua gia ukiwa bado juu, kabla mwendo haujakuzidi. Kanuni nzuri ya kuanzia ni kuteremka kwa gia ile ile ambayo ungehitaji kuupanda mlima huo, mara nyingi ya pili au ya tatu, bila kushika klachi, ili injini iizuie pikipiki. Breki zitumike kwa kuminya na kuachia, zipate nafasi ya kupoa. Mkufunzi anayekufundisha hili uwanjani kwa maneno matupu hajakufundisha. Akupeleke mlimani, atangulie, umfuate, kisha mbadilishane. Kupanda nako kuna zoezi lake: simama katikati ya mlima, shika breki ya mguu, achia klachi hadi uhisi imeanza kushika, ongeza mafuta, ndipo uachie breki. Anayepanda kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini akiwa na abiria, na foleni ikasimama ghafla, atajua thamani ya somo hilo kabla hajafika juu.

Kwenye kona, kanuni ni kumaliza kupunguza mwendo kabla ya kuingia, kisha kupita kwa mwendo usiobadilika na macho yakitazama kule kona inakotokea. Pikipiki huenda yanakoelekea macho. Anayekodolea korongo huenda kwenye korongo. Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba, inayojulikana kwa kona zake 57, ni chuo kwa yeyote anayefikiri kona hujifunza zenyewe, ingawa si mahali pa kumpeleka mtu katika wiki yake ya kwanza. Kwenye changarawe breki ya mbele hutumika kwa ulaini mkubwa, na kamwe pikipiki ikiwa imelala.

Mvua inastahili neno lake. Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ndizo zinazoteleza kuliko zote, kwa sababu vumbi, oili na dizeli iliyodondoka kwenye vilima huinuka na kuelea juu ya lami. Ukisubiri kidogo kibandani, lami inaoshwa. Michoro myeupe ya barabara huteleza ikilowa, na vivyo hivyo vyuma vya madaraja. Ukungu wa Njombe, wa Makete na wa barabara ya Chunya juu ya Mbeya hauna ufundi mwingine zaidi ya kupunguza mwendo hadi uweze kusimama ndani ya umbali unaouona, kuwasha taa na kuvaa koti linaloakisi mwanga.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya udereva vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani havitalitaja, nalo ni baridi. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi, katika sehemu za Makete na Kitulo ambako sakitu hutanda shambani, vidole huganda kiasi cha kutohisi leva. Glovu ni sehemu ya breki. Kozi inayokuruhusu kuja uwanjani mikono mitupu na kandambili miguuni imekwisha kukuonyesha kiwango chake.

Malori

Barabara kuu ya TANZAM, ile ya kwenda Zambia, inapita katikati ya maisha yetu, na mwendeshaji wa hapa hujifunza kuishi na malori au hujifunza kwa maumivu. Lori lililosheheni likiteremka halina uwezo wa kusimama kama wewe. Ukiona linakukaribia kwenye mteremko, toka pembeni mahali salama ulipishe, na usione aibu. Trela likikata kona, tairi zake za nyuma hazifuati njia ya kichwa, huvutwa ndani. Kwa hiyo kwenye kona ya kushoto, ile nafasi inayoonekana wazi kati ya trela na ukingo wa barabara inajifunga, na bodaboda aliyejipenyeza humo hana pa kutokea. Tena, kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Mambo haya hayahitaji kuendesha ili kufundishwa. Kipindi kimoja karibu na lori lililoegeshwa, mwanafunzi akipanda kwenye kiti cha dereva na kutazama vioo, kinatosha. Nimeona vyuo vichache vinavyofanya hivyo, na ni jambo la bure kabisa.

Namna ya kuichunguza kozi kabla ya kulipa

Nenda mwenyewe, siku ya mafunzo, usimame pembeni mwa uwanja. Chuo kisichotaka utazame kina sababu zake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina vyuo Mbeya na Iringa, na shule binafsi za udereva zilizosajiliwa zina taratibu tofauti na ada tofauti, kwa hiyo jina la chuo pekee lisikuamulie. Uliza yafuatayo, na usikilize kama majibu yanatoka haraka au yanazungukazunguka:

- Nitakaa juu ya pikipiki kwa saa ngapi, nikiwa naendesha mimi mwenyewe, si nikisubiri zamu?
- Pikipiki moja inatumiwa na wanafunzi wangapi, na breki yake ya mbele inafanya kazi?
- Tutafanya kusimama kwa dharura mara ngapi, na je, tutatoka uwanjani kwenda mlimani?
- Kofia ngumu mnazo, au kila mtu aje na yake?
- Mkufunzi anayefundisha pikipiki anaendesha pikipiki mwenyewe?

Swali la mwisho linaonekana la kijinga, lakini kuna shule ambako anayefundisha gari dogo ndiye anayepewa na wanafunzi wa pikipiki, akasimama kivulini akipuliza filimbi.

Baada ya hapo fanya hesabu. Gawa ada kwa idadi ya saa utakazoendesha wewe mwenyewe. Kozi ya wiki mbili yenye wanafunzi ishirini kwenye pikipiki moja inaweza kukupa muda mchache kuliko kozi ya siku tatu yenye wanafunzi wanne, hata kama ya kwanza ina cheti chenye mhuri mkubwa. Kisha linganisha ada hiyo na fedha ya hesabu unayompelekea bosi mwenye pikipiki kwa wiki moja, na ujiulize ungekaa nyumbani wiki ngapi ukivunjika mguu. Kwa mtu aliye kwenye mkataba wa kuilipia pikipiki kidogo kidogo hadi iwe yake, ambaye siku asiyofanya kazi bado inadaiwa, jibu huja lenyewe.

Kama ada imekushinda, bado una njia. Kusanyeni watu wanne au watano wa kijiwe kimoja, mtafute mkufunzi anayeaminika, mlipie siku mbili za breki na mlima peke yake, bila mambo ya leseni. Wakufunzi wengi hukubali, kwa sababu siku za katikati ya wiki uwanja uko mtupu.

Kwa aliyeendesha miaka mingi

Mkongwe wa kijiwe ataona kozi ni ya watoto. Ana haki ya kudharau sehemu ya kwanza, kwa kuwa gia na klachi zimekwisha kuwa mwilini mwake. Lakini miaka mingi ya kuendesha ni miaka mingi ya kurudia tabia zile zile, nzuri na mbaya, na tabia ya kutogusa breki ya mbele haijirekebishi kwa umri. Mtu kama huyu asilipie kozi nzima. Aombe kupimwa: asimame kwa dharura kutoka mwendo wa kilomita 40, azunguke umbo la nane katika nafasi finyu bila kushusha mguu, ateremke mlima mkufunzi akiwa nyuma yake. Nusu siku itamwonyesha anachokosa, na alipie hicho tu. Nimewahi kuona mzee mmoja mwenye pikipiki ya siku nyingi akishindwa umbo la nane mbele ya wanafunzi waliokuwa na wiki moja; alicheka zaidi ya wote, na akabaki hadi jioni.

Baada ya kozi

Ujuzi wa mikono hupotea usipotumiwa, na breki ya dharura ni kitu ambacho mwendeshaji mwangalifu hukihitaji mara chache, kwa hiyo hukisahau. Tenga dakika kumi kila baada ya wiki chache, mahali patupu na pakavu, urudie kusimama kutoka 20, 30 na 40. Fanya hivyo tena Novemba, kabla ya mvua kushika, na kila unapobadilisha pikipiki, kwa sababu hakuna leva mbili zinazominywa sawasawa. Kabla ya zoezi mpelekee fundi pikipiki yako akaze waya wa breki ya mbele, akague pedi, upepo na kashata za tairi. Tairi kipara halifundishiki.

Miezi ya mwanzo baada ya cheti ndiyo ya kujichunga zaidi, kama wale wa Victoria walivyoonyesha. Jipangie mipaka iliyo wazi: mwezi wa kwanza usibebe abiria usiku, usipande barabara ya milimani mvua ikinyesha, na usibebe mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hata kama wateja ni ndugu wa familia moja na wanakuomba kwa upole. Kofia ngumu iwe kichwani na mkanda wake umefungwa kidevuni, yako na ya abiria. Hapa wataalamu hawabishani kama wanavyobishana kuhusu kozi: uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia hupunguza vifo vya waendeshaji wanaopata ajali kwa takribani asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kama fedha uliyonayo inatosha kitu kimoja tu kati ya kofia nzuri na kozi, nunua kofia wiki hii na uanze kudunduliza ya kozi.

Kwa wenye pikipiki

Anayekabidhi pikipiki kwa kijana kwa mkataba ana masilahi makubwa zaidi kwenye kozi kuliko kijana mwenyewe, kwa kuwa chombo ni chake hadi deni liishe. Njia inayofaa ni kulipia mafunzo mwanzoni na kuigawa ada hiyo ndani ya hesabu ya miezi kadhaa, ikiandikwa kwenye mkataba pamoja na mambo mengine, ili kijana asije akadai alikatwa bila kuambiwa. Andika pia nani anagharimia pedi za breki na tairi, na zibadilishwe lini, kwa sababu hapo ndipo ugomvi huanzia: kijana anaahirisha kwa kuwa fedha si yake, bosi anaahirisha kwa kuwa haendeshi yeye. Usimkabidhi ufunguo kabla hujamwona akisimama kwa breki zote mbili mbele yako, na kama hujui kumpima, mlipe mkufunzi ampime kwa niaba yako.